Nzuri Kwanza, Ila Baadaye

Yeoville, jioni, na kesho unaondoka

Mwanangu Zawadi,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako na umesema utarudi saa moja, maana yake utarudi saa tatu. Nimeketi mezani na kalamu yako ya wino wa zambarau, kwa kuwa nyingine zote umeshazifungasha. Nakuandikia kwa Kiswahili na najua utasoma polepole kama mtu anayevuka tope. Ukikwama kwenye neno, lisome kwa sauti. Sikio lako linajua Kiswahili kuliko macho yako. Ni mdomo tu uliokataa shule.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango na kutopokea soda ya mtu usiyemjua kwenye basi. Hayo nimekuambia tangu barua ya chuo cha uuguzi ilipofika, hadi umeanza kunimalizia sentensi. Tuyaache.

Kuna jambo moja la kukuambia, na ni moja tu. Wiki nzima nimejaribu. Jumatatu nilianza vizuri kabisa, nikakuita jikoni, ukaja, ukasimama, ukasema, "Yebo, Mama?" nami nikakuuliza kama viazi vimekwisha. Jumatano nikakufuata hadi bafuni, nikagonga, ukanijibu kutoka ndani kwamba kama ni habari za viazi, viko chini ya sinki. Kesho unapanda basi la Durban. Kuna watu hapa mtaani wanaolijua jambo hili tayari, nawe unawajua watu wa hapa: nisipokuambia mimi, utaambiwa kwenye simu kabla basi halijafika nusu ya njia. Sitaki ulisikie kwao. Nitalisema humu.

Nitalisema. Acha kwanza nikueleze kwa nini linanishinda, maana si woga peke yake, ni malezi.

Kwetu Uvira, mtu hafiki mahali akaanza na shida yake. Hiyo ni tabia ya mbuzi. Ukiulizwa habari unasema nzuri. Nyumbani? Hawajambo. Watoto? Wazima. Kazi? Tunasukuma. Mnaulizana hivyo mpaka mnamfikia shemeji wa jirani, na mkishammaliza huyo, ndipo unavuta pumzi, unatazama chini, unasema: ila. Ila nyumba imeungua. Ila mama mkubwa hatunaye tena. Mwenzako anapiga kofi na kusema, "Aa, jamani," na hakuna anayekuuliza mbona dakika tano zilizopita ulisema nyumbani hawajambo. Anajua. Salamu ni ngazi, na huwezi kumrushia mtu msiba kutoka chini.

Nimekulia humo, na Kiingereza nilikuja kukivaa juu yake.

Unakumbuka ukumbi wa kanisa ambako ulikuwa ukifanyia kazi zako za shule huku umeziba masikio. Gogo Nomvula, yaani Bibi Nomvula, mwalimu mstaafu wa Soweto, ndiye aliyekuwa akitufundisha Kiingereza sisi wageni, bure, jioni mbili kwa wiki. Alikuwa na moyo mkubwa na vitabu vibaya. Vilikuwa vitabu vya watoto wadogo alivyopewa na shule iliyokuwa ikivitupa. Basi ungemkuta baba mzima, mlinzi wa jengo kule Hillbrow, kirungu kiunoni, anasoma kwa jasho habari za paka aliyepoteza mpira. Siku moja Gogo akafunga kitabu, akasema kwamba kama kuna wanaojua Kiingereza kuliko wengine, hata kwa kidogo tu, wajitolee kumsaidia kutunga masomo ya watu wazima: kliniki, mwenye nyumba, teksi, dukani. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji. Lakini mkono wangu umekuwa mrefu siku zote, ukanyooka wenyewe.

Nilijiona profesa. Ulikuwa ukinicheka, na ulikuwa na haki. Nilitengeneza kadi za masomo: nilikata picha kwenye karatasi za matangazo ya supamaketi, nikachora nyingine mwenyewe. Ile ya mwanamke anayeumwa tumbo darasa zima lilisema anacheza, hata Gogo alisema anacheza vizuri. Mashine ya kufunika kadi kwa plastiki hatukuwa nayo, kwa hiyo nilizibana kadi ndani ya nailoni kwa pasi ya kunyooshea nywele, pale pale saluni ninakosukia watu, wateja wakisubiri. Ndiyo maana masomo yetu yote yalinukia mafuta ya nywele. Kadi zangu nilizipenda kuliko nywele za watu, na wateja wawili walihamia kwa Mnigeria wa ng'ambo ya barabara kwa sababu hiyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kadi ya mwenye nyumba. Nilitunga hivi: mpangaji yuko mezani, msimamizi wa jengo anakuja kuuliza kodi, mpangaji anamwambia karibu chakula. Mtu akikukuta unakula utamwambia nini kingine? Kwetu ukikaribishwa unasema ahsante nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma kama jenereta, na kila mtu anaelewa mchezo. Darasa likakariri, likaenda likatumia. Msimamizi wa jengo moja la Hillbrow, kijana wa huku huku, hakuwa na habari kwamba alitakiwa kukataa. Akaketi. Akala kwa Wakongo, akapanda ghorofa akala kwa Warundi, akagundua kwamba kodi inakusanywa vizuri zaidi saa ya chakula cha jioni. Aliongezeka mwili yule kijana. Wanawake wakaja kunilalamikia kwamba Kiingereza changu kinawamalizia unga.

Hilo lilikuwa la kucheka. La kliniki lilitaka kuua mtu.

Kadi ya kliniki nilipewa mimi kwa kuwa nilijigamba kwamba nimewahi kulazwa. Nikakaa kuandika na nikashindwa kabisa kumwandika mtu mzima anayeingia mahali na kuanza na tumbo lake. Nikampa adabu. Mgonjwa anaingia, anamsalimu sista, ndivyo wanavyomwita muuguzi huku. Sista anamuuliza hali, mgonjwa anasema mzima, ahsante, na wewe? Nyumbani hawajambo? Watoto je? Kazi? Na mvua hizi? Upande wa mbele wa karatasi ukajaa, na wote walikuwa wazima. Ugonjwa nikauweka upande wa nyuma.

Nilimsomea Gogo nikitarajia aseme ni ndefu. Akafuta miwani, akasema hii sasa ndiyo adabu, watoto wa siku hizi wanaingia kliniki kama wanaingia spaza kununua mkate. Kumbe Kizulu nacho ni ndugu yetu: ukiulizwa unjani, hata ukiwa umelazwa juu ya machela, unajibu ngiyaphila, mimi mzima. Kwa hiyo katika ukumbi ule hapakuwa na hata mtu mmoja wa kunizuia.

Tukafundisha kwa utaratibu: wiki hii upande wa mbele, wiki ijayo tunageuza.

Salvatore aliugua katikati.

Salvatore unamjua, nawe umemcheka vya kutosha: yule Mrundi mlinzi, mrefu, suruali imepandishwa hadi mbavuni. Alikuwa mwanafunzi wangu mwenye bidii kuliko wote. Alikuwa akikariri kadi akiwa lindoni, analisalimu geti. Alhamisi asubuhi tumbo likamkata. Akatembea hadi kliniki amejikunja, akapanga foleni tangu giza, zamu yake ikafika, sista akamuuliza hali. Salvatore akajinyoosha, akasema mimi mzima, ahsante, sista, na wewe? Akasema nyumbani hawajambo, watoto wazima, ingawa hana mtoto hata mmoja, kazi nzuri, mvua si haba. Alisema bila kukosea, aliniapia hivyo, bila kukosea hata mahali pamoja. Sista, mwanamke wa watu aliyechoka, akafurahi kupata mtu wa kumjulia hali. Akamuuliza amekuja kufanya nini. Hilo swali upande wa mbele halikuwepo. Salvatore akatabasamu. Sista akaelewa kwamba huyu amemsindikiza mgonjwa, akamwonyesha kwa heshima benchi la wasindikizaji.

Akakaa hapo hadi kliniki ikafungwa. Jioni alianguka getini pale anapolinda, wapangaji wakamkimbiza hospitali kwa teksi, akapasuliwa kidole tumbo usiku uleule, na daktari akasema angechelewa kidogo tu kingepasuka chenyewe.

Mimi na Gogo tulikwenda kumwona. Alikuwa mweupe kama mkate, shuka hadi kidevuni. Gogo akamwuliza kwa nini hakusema anaumwa.

"Mwalimu," akasema, si kwa kulalamika, "upande ule hatujafika."

"Hawu, Salvatore. Si ungeshika tumbo?"

"Nilishika. Lakini nilikuwa nimekwisha sema mimi iko mzima. Mtu anageukaje mbele ya watu?"

Nilitoka nje kwenye korido nikacheka hadi nikashika ukuta. Mhudumu mmoja akaja kunipa pole, akidhani nimefiwa. Alipokuwa ananishika bega ndipo kicheko kikageuka, nikalia kweli, kwa sauti, nami siliagi mbele za watu. Kwa sababu sentensi ile ya Salvatore, kwamba mtu anageukaje, ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeishi nayo kabla sijawahi kuibana kwenye kadi ya mtu.

Unakumbuka 2008, ile wiki ya fujo za kuwafukuza wageni, tulipolala kanisani sakafuni na watu wengi wengine, wewe ukiwa na viatu miguuni kwa kuwa nilikukataza kuvivua. Koko, mama yangu, akapiga simu kutoka Uvira. Akauliza habari. Nikasema nzuri. Nyumba? Nzuri, sasa hivi tuko mahali pakubwa zaidi. Majirani? Wengi, watu wema. Zawadi? Amelala. Ulikuwa macho, unanitazama. Nilipokata simu ukasema, kwa Kiingereza chako cha shule, kwamba nimemdanganya Koko. Nikakuambia sijamdanganya, nimemsalimu tu. Ulikuwa mtoto lakini ulinitazama kama hakimu, na mimi nikajifanya natafuta blanketi.

Na uongo huo ulikuwa na mguu. Kwa kuwa tuko mahali pakubwa, Koko akatangaza kwa majirani wa Uvira kwamba binti yake amejenga Afrika Kusini. Wajomba walianza kutuma salamu, na salamu za wajomba unazijua, huwa zina mfuko mtupu mkononi. Nilitumia mwaka mzima kuitunza nyumba ambayo haikuwapo.

Halafu ilikuwa zamu yake. Hili sijawahi kukusimulia vizuri. Mwaka uliofuata alipiga yeye, kwa simu ya kuazima, vocha ya kuazima. Tukaanza. Habari? Nzuri. Wewe? Nzuri. Mtoto? Anakuwa mrefu. Kazi? Tunasukuma. Watu wa kanisani? Wapo. Nikamuuliza, Baba je? Akasema, "Baba yuko, anakusalimia." Akavuta pumzi. Niliisikia ile pumzi, Zawadi, toka Uvira hadi hapa. Akasema, "Ila."

Simu ikakatika.

Nilipiga, nikapiga, haikupatikana. Nikajiambia labda ni ila mvua imezidi, ila samaki wamepanda bei. Nikarudi kusuka. Babu yako alikuwa hospitali siku zile, akiniulizia, na Koko alitaka kunisikilizisha sauti yake. Nilipopata laini tena alikuwa ameshazikwa. Salamu zilikula vocha yote. Sikumlaumu Koko hata kidogo, ningefanya vilevile, lakini mpaka leo nikikumbuka nilivyomuuliza habari za watu wa kanisani kwanza, tena kwa raha, najisikia vibaya mwili mzima.

Nilijua hivyo, na bado nikatunga kadi ile. Ndivyo malezi yalivyo, hayasikii msiba.

Basi baada ya Salvatore nikaandika kadi upya, ugonjwa mbele, salamu hakuna. Nilikuwa mkali siku ile. Darasa likagoma. Mama Chantal, jirani yetu, ambaye hajawahi kufika mapema darasani hata siku moja, siku hiyo alifika mapema ili agome vizuri.

"Unataka tuingie kwa watu kama polisi?" akaniuliza. "Mimi siwezi kumwambia mtu bintu bya tumbo yangu na sijui hata kama ameamka muzuri."

"Salvatore amepasuliwa," nikamwambia.

"Amepasuliwa akiwa na adabu yake. Watu wamemsifu."

Tulibishana hadi mlinzi wa ukumbi akaja kuzima taa. Mwishowe Gogo akaamua kama mwalimu: salamu moja, moja tu, halafu ila, na salamu zote zilizobaki mtu azitoe wakati wa kuondoka, akiwa ameshika dawa zake. Ndivyo tunavyofundisha hadi leo. Pale kliniki sasa masista wanawatambua watu wetu, kwa kuwa mgonjwa anatoka, anafika mlangoni, anageuka, na ndipo anauliza watoto hawajambo, na kazi, na mvua. Sista yule wa siku ile alituma mtu aombe kadi zaidi, akasema katika foleni nzima ni hao tu wanaomuuliza kama amekula.

Nakuambia haya kwa kuwa nawe utavaa sare ile. Atakuja kwako mtu wa kwetu, amejikunja, utamuuliza hali, atasema mzima. Usimwamini, na usimkatize pia. Hesabu pumzi zake. Ile moja ndefu ikija, weka kalamu chini umtazame.

Nanyi mliokulia hapa mnadhani mmepona ugonjwa huu. Hamjapona, mmebadilisha neno tu. Wewe una "sharp" yako. Shule iko aje? Sharp, Mama. Rafiki zako? Sharp. Darasa la tisa muhula mzima uliniambia sharp, na kumbe wasichana wale walikuwa wakikuita kwerekwere, tusi lao kwa wageni, na kukufungia chooni wakati wa mapumziko. Nikaja kulisikia kwa mwalimu wako, nimesimama na mikono ina mafuta ya mteja. Nilikuuliza kwa nini hukuniambia. Ukasema, eish, Mama, ulikuwa umechoka. Nilikasirika sana usiku ule, nikakugombeza, na hasira ile haikuwa yako. Nilikuwa nimekulea mimi.

Kwa hiyo ukiwa Durban ukinipigia, nakuomba, anza na ila. Sema mama, nina njaa. Sema mama, nimefeli, au mama, kuna kijana, au mama, nataka kurudi. Za nyumbani tutaulizana baadaye, vocha ikibaki. Isipobaki, nyumbani tutakuwapo.

Haya. Nimefika chini ya ukurasa mwingine tena na bado sijalisema. Umeona? Kurasa zote hizi ni upande wa mbele.

Salvatore, tangu atoke hospitali, amegeuka mtu mwingine. Aliapa kwamba hatasalimu tena kabla ya kusema lililomleta, na Mrundi akiapa ameapa. Kanisani alisimama katikati ya ibada akasema, "Choo kimeziba. Bwana asifiwe." Kwa mwenye duka anasema, "Mkate wako wa jana ulikuwa na ukungu, umeamkaje?" Watu wamemzoea. Mimi nilichukua muda, halafu nikaanza kusikia kwamba huyu ndiye mtu pekee katika mji huu ambaye nikimsikiliza sihitaji kusubiri kitu. Alikuwa akija saluni kuchukua kadi za darasa, anakaa, anasema mguu unamuuma au amemkumbuka mama yake, kisha ananiuliza habari zangu, na siku moja nikajikuta namwambia. Si nzuri, nikamwambia. Nimechoka, mwanangu ataondoka, sijui nitapika kwa ajili ya nani. Sijawahi kumwambia mtu hivyo tangu baba yako, Mungu amrehemu, alipotuachia dunia hii ukiwa unatambaa.

Jumamosi iliyopita aliingia saluni asubuhi, amenyoa, suruali ipo pale pale mbavuni. Mama Chantal alikuwa kwenye kiti changu, kichwa kimesukwa nusu. Salvatore akasimama mlangoni akasema:

"Mama Zawadi, nataka kukuoa. Asubuhi iko aje?"

Mama Chantal akasema, "Eeh, Yesu." Kitana kikanidondoka. Na mimi, mwanangu, mwalimu mzima, mtunzi wa masomo, nilijibu swali la pili. Nikasema, "Nzuri."

Akainamisha kichwa kwa heshima, akasema atasubiri ya kwanza, akaenda kazini. Mama Chantal alitoka na kichwa nusu hivyohivyo kwenda kutangaza. Ndiyo maana nimekuwa nikikuwinda na viazi wiki nzima.

Sijamjibu. Kila jioni akipita ananisalimu mwisho, na anaondoka bila kuuliza tena.

Sasa nasema, kwa utaratibu wetu mpya. Nataka kumkubali, Zawadi. Si kwa sababu unaondoka na naogopa nyumba tupu, ingawa naiogopa, leo nimeingia chumbani kwako mara nyingi bila sababu. Nataka kwa kuwa nampenda. Ni neno gumu kumwandikia mtoto, hata kwa wino wa zambarau. Simweki mahali pa baba yako, na hajaomba kuwekwa hapo. Lakini sitamjibu kabla hujaniambia moyo wako, na ukisema unakataa nitalia na nitakusikiliza. Ninachokukataza ni kimoja: usiniambie "sharp, Mama," halafu ukalie kwenye basi.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika, mbali, ambapo huwezi kunitazama kama hakimu. Nimeghairi. Naiacha hapa mezani juu ya sahani yako, uisome leo. Basi ni saa nne asubuhi, kwa hiyo unao muda wote wa kunikasirikia, na wa chai pia.

Ukirudi utakuta chumba changu kimezimwa taa na mlango umefungwa, kama mtu aliyelala. Sijalala, mwanangu. Gonga.

Mama yako